Kutu ndani ya tangi la pikipiki: Iondoe bila kuumiza mapafu wala macho

Na MWANDISHI WETU

UKIPITA kando ya Naivasha Road mtaani Kawangware asubuhi yoyote, hutakosa kumwona kijana amechutama karibu na pikipiki, mpira mwembamba mdomoni, mashavu yameingia ndani. Anavuta petroli kutoka tangini. Ikifika mdomoni anautoa mpira haraka, anautumbukiza kwenye mtungi, anatema mate chini, anajifuta kwa mkono wa shati na kucheka na wenzake.

Mara nyingi mambo huishia hapo. Siku moja, hata hivyo, anavuta pumzi mahali alipopaswa kutema, na usiku huo hapati usingizi kwa kukohoa.

Ukimuuliza kwa nini anaondoa petroli, yaelekea atakuambia ni kutu. Tangi limeshika kutu ndani, pikipiki inazimika njiani, na mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni. Kwa hiyo kazi inafanywa upesi, kwa vitu vilivyo karibu: petroli, asidi ya betri, dawa kali ya kusafishia vyoo, na wakati mwingine moto.

Huenda msomaji akajiuliza kutu ya pikipiki imeingiaje katika ukurasa wa afya. Jibu ni kwamba kutu yenyewe haina madhara makubwa kwa mwili wa binadamu. Zinazopeleka watu hospitalini ni njia za kuiondoa. Nazo njia salama zipo, tena kwa bei nafuu, ila zinadai kitu kimoja ambacho mhudumu wa boda boda hana kingi, nacho ni muda.

Biashara ya boda boda ilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, kwa baiskeli. Pikipiki zilifurika Kenya baada ya serikali kuondoa ushuru kwa zile ndogo mnamo 2008, na leo hakuna njia panda Kangemi, Uthiru, Waithaka au Dagoretti isiyo na kituo cha boda boda. Nyingi ya pikipiki hizo zimezeeka, na tangi ni sehemu ambayo watu hawaifikirii mpaka iharibike.

Maji yanaingiaje?

Kutu huhitaji chuma, hewa na maji. Chuma ni tangi lenyewe. Hewa na maji huletwa na namna tunavyonunua petroli.

Mhudumu wa boda boda hajazi tangi. Ananunua petroli ya mia mbili, akipata abiria watatu anaongeza ya mia nyingine. Hivyo tangi la lita kumi na kitu hukaa na lita moja au mbili chini, na juu yake hewa tupu. Jiji la Nairobi liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti huwa na baridi kali, hasa huku upande wa magharibi kuelekea Kikuyu. Hewa iliyo ndani ya tangi ikipoa, unyevu wake hugeuka matone kwenye kuta za chuma, kama yale unayoyaona kwenye kifuniko cha sufuria. Matone huteremka. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kabisa, karibu na koki, na hapo ndipo kutu huanza kula.

Dalili zake si ngeni. Chujio la petroli hugeuka rangi ya chai. Kabureta inaziba. Injini inakohoa mlimani na kuzimika ghafla, na ikizimika katikati ya Waiyaki Way huku matatu ikiwa nyuma yako, kutu hiyo imekuwa jambo la uhai. Ikiendelea zaidi, tangi hutoboka vitundu vidogo na petroli kudondokea injini iliyo moto.

Mdomo si pampu

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumeza funda la petroli akiwa kijana, akijaribu kumfaa mjomba aliyeishiwa na mafuta barabarani. Nilicheua harufu ya petroli kwa siku mbili. Wakati huo nilidhani tumbo ndilo lililokuwa hatarini. Kumbe hatari kubwa iko kwenye mapafu.

Petroli ni nyepesi na yenye utelezi. Ikiwa mdomoni, kiasi kidogo tu kinaweza kupotea njia na kuingia kwenye bomba la pumzi, na ikifika mapafuni husambaa upesi na kuyachoma. Mtu huanza kukohoa, kisha pumzi zinakuwa fupi, kifua kinabana, homa inapanda. Wakati mwingine dalili hizo hazionekani mara moja. Zinakuja saa kadhaa baadaye, mtu akiwa amekwenda nyumbani na kudhani mambo yamekwisha.

Kwa sababu hiyo, aliyemeza petroli asitapishwe hata kidogo. Kumtapisha ni kuipitisha petroli kooni mara ya pili, na kuipa nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Asipewe maji ya chumvi, wala mafuta ya kupikia. Maziwa, ambayo wengi huyakimbilia, hayaondoi sumu hii, na yanaweza kumfanya atapike. Asuuze mdomo na kutema, avue nguo zilizolowa, akae wima mahali penye hewa. Akikohoa mfululizo, akihema au akisinzia, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Wakazi wa upande huu wako karibu na Hospitali ya Mbagathi na Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Zamani petroli ilikuwa pia na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mnamo 2021. Lakini kuondoka kwa risasi hakukuifanya petroli kuwa maji ya kunawa. Bado ina benzini, kemikali ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, hususan ile ya damu. Fundi anayenawa mikono kwa petroli kila jioni ili kutoa grisi huikausha ngozi mpaka ipasuke, na kuikaribisha benzini ndani ya mwili. Sabuni ya kipande na mchanga mwepesi hutoa grisi hiyo hiyo.

Basi petroli itolewe vipi? Pikipiki nyingi zina koki chini ya tangi. Chomoa mpira unaokwenda kwenye kabureta, chomeka mrefu zaidi, ufikishe kwenye mtungi ulio chini, kisha fungua koki. Petroli itateremka yenyewe. Koki ikiwa imeziba, tumia mpira wenye kipira cha kubana kwa mkono. Huuzwa na wauzaji vipuri wa Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, na si ghali.

Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akishamwaga petroli yote hudhani tangi limekuwa debe la kawaida. Sivyo. Petroli yenyewe haiwaki mpaka ichanganyike na hewa, na tangi tupu limejaa mchanganyiko huo hasa. Cheche moja inatosha kuligeuza bomu.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai juu kama moshi. Hutambaa chini, huingia mitaroni, hupita chini ya mlango hadi kwenye jiko la jirani anayechemsha githeri. Wakazi wa Nairobi hawahitaji kukumbushwa mkasa wa Septemba 12, 2011 katika kijiji cha Sinai, eneo la viwandani, pale petroli iliyovuja kutoka bombani ilipoingia mtaroni na kushika moto. Zaidi ya watu 100 walifariki. Tangi la pikipiki ni dogo mno ukilinganisha na bomba lile, lakini mvuke wake hufuata desturi hiyo hiyo.

Kwa hivyo kazi ifanyiwe nje, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea vyuma. Tangi lenye kitundu lisipelekwe kwa mchomeleaji kabla halijaoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu au nne, mpaka harufu iishe kabisa. Na hata hapo, fundi mwenye uzoefu hulijaza maji hadi karibu na sehemu anayoiziba ili mvuke usipate pa kukaa. Asiyefanya hivyo mpelekee kazi ya mageti, si ya tangi.

Asidi za haraka

Asidi ya betri na ile ya kusafishia vyoo zinapendwa kwa sababu moja tu. Zinamaliza kazi kwa muda mfupi. Ukizimwaga tangini, kutu inachemka na kutoka mbele ya macho yako.

Lakini asidi haijui kutu inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Ikimaliza kutu hula tangi, na tangi lililokuwa na vitundu vilivyozibwa na kutu hutoka likivuja kama chujio la chai. Isitoshe, asidi ikigusana na chuma hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo nayo huwaka. Mafundi wanaochungulia tangini kuona kama kazi imeiva wanaweka uso juu ya mvuke unaochoma pua, koo na mapafu. Barakoa ya kitambaa, zile tulizozizoea wakati wa korona, haizuii mvuke huo. Huzuia vumbi na mate tu.

Kuna wanaochanganya dawa ya choo na Jik wakidhani mbili zitashinda moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ilitumiwa kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tafadhali usijaribu, hata kwa choo chenyewe.

Asidi ikiruka jichoni, usitafute gari kwanza. Tafuta maji. Fungua kope kwa vidole na umwagie jicho maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, hata kama linauma vipi, huku mwenzako akitafuta usafiri. Dakika hizo za kwanza ndizo zinazoamua kama mtu ataona tena. Usitie maziwa, wala magadi, wala dawa ya macho ya jirani. Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwa wataalamu wa macho. Kwa walio Kangemi, Uthiru au Kinoo, kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu hakiko mbali. Walio upande wa mjini wana Kenyatta.

Na kama ni lazima kabisa uipunguze makali asidi yoyote, mimina asidi kidogo kidogo ndani ya maji. Ukimwaga maji ndani ya asidi, huchemka papo hapo na kukurukia usoni.

Njia za polepole

Sasa tuje kwenye zile njia nafuu. Zote huanza namna moja. Ondoa tangi kwenye pikipiki, toa koki na boya la geji, ziba matundu kwa vizibo vya mpira. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga hadi harufu iishe, kwa sababu utando wa petroli iliyoganda huzuia dawa yoyote isifike kwenye kutu. Vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Glavu za kuoshea vyombo zinatosha.

Kutu ikiwa nene, tia nati kama 20 pamoja na maji ya sabuni, funga, tikisa kila upande. Nati zikiwa kavu zinaweza kutoa cheche, kwa hiyo maji ni muhimu. Zihesabu kabla hujazitia na baada ya kuzitoa. Wengine hutumia kokoto, ila kokoto huvunjika na kuacha mchanga ambao utakutana nao baadaye kwenye kabureta.

Kwa maoni yangu, dawa bora kwa mtu asiye na muda ni ndimu ya unga, ile wanayotumia wapishi, ambayo hupatikana kwa wauzaji viungo. Gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji ya moto zinatosha. Jaza tangi hadi juu, weka kifuniko bila kukikaza ili gesi ipate pa kutokea, na uache usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa ya rangi ya kijani au kahawia, na chuma kijivu. Ikibaki kutu, rudia.

Siki hufanya kazi hiyo hiyo, ila urahisi wake una udanganyifu. Chupa moja ni bei ndogo, lakini tangi la lita kumi linataka chupa zaidi ya kumi, na siki inahitaji siku moja hadi tatu. Unaweza kutia nusu na kugeuza tangi kila baada ya saa kadhaa, mradi ukumbuke kugeuza. Wengi hawakumbuki.

Yenye bei ya chini kwa kila lita ni molasi, uji mweusi wa miwa unaouzwa kwenye maduka ya kilimo kwa ajili ya ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, kisha uache wiki moja hadi mbili. Inanuka ikichacha na huvuta nzi, kwa hivyo isiwekwe chumbani mnamolala watoto. Hata hivyo haichomi ngozi na hugusa chuma kizima kwa nadra.

Wako pia wanaotumia umeme: maji yenye magadi, chaja ya betri, upande hasi kwenye tangi na upande chanya kwenye kipande cha chuma kilichoning'inizwa ndani bila kugusa tangi. Njia hii ni nzuri sana, na magadi tunayo ya kutosha kutoka Ziwa Magadi. Lakini hutoa haidrojeni, na mtu akitumia kijiko au chuma cha pua kisichoshika kutu badala ya chuma cha kawaida, maji hugeuka sumu yenye kromi inayosababisha saratani. Asiyejua tofauti ya vyuma hivyo abaki na ndimu.

Tatizo la siku iliyopotea

Yote haya ni rahisi kwa mwenye pikipiki anayefanya kazi ofisini. Mhudumu anayelipa hesabu ya kila siku hawezi kuacha pikipiki wiki mbili kungoja molasi. Tukiwaambia watu waache asidi bila kulijibu hilo, tunapiga domo tu.

Kwa mhudumu huyo, ndimu ya unga ikitiwa Jumamosi usiku tangi litakuwa tayari Jumapili mchana. Njia nyingine ni ya pamoja. Pikipiki nyingi katika kituo kimoja huwa za aina moja, na matangi yake huingiliana. Chama cha kituo kikinunua tangi moja la mtumba Kirinyaga Road, mwanachama mmoja atalitumia huku lake likilowa kwenye molasi, kisha lipite kwa mwingine. Kwa watu 15, mchango wa kila mmoja hauwezi kuzidi kile anachotumia kwa chai na mandazi wiki moja.

Kukausha na kumwaga

Dawa ikishatoka, suuza kwa maji, kisha kwa maji yenye vijiko vichache vya magadi ili kuua makali ya asidi, kisha maji tena. Hapo usikawie. Chuma kilichotoka kuoshwa hushika kutu mpya kwa muda mfupi, rangi ya machungwa. Anika juani, au puliza kwa pampu ya hewa ukiwa na miwani. Usilikaushe kwa jiko, hata kama unaamini petroli imeisha. Likikauka, mimina mafuta ya injini kiasi cha nusu kikombe, geuza tangi mpaka kuta zote zipate utando, mwaga yaliyobaki kwenye chombo.

Uchafu uliotoka usimwagwe mtoni. Mto Nairobi unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita Dagoretti na Kawangware kabla haujafika Chiromo na katikati ya jiji, na kuna watu wanaonyweshea mboga kwa maji hayo. Maji ya ndimu au siki yaliyotiwa magadi yanaweza kumwagwa chooni. Petroli chafu iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko, ipelekwe karakana inayokusanya mafuta machafu.

Wala chochote kati ya hivi kisitiwe katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo. Akiona chupa anayoifahamu, anakunywa.

Jambo moja kuhusu mikato. Watu huamini kwamba kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Ugonjwa huo huletwa na vijidudu vya udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, na chuma kilicholala chini huvibeba, kiwe na kutu au la. Ukikatwa na mdomo wa tangi, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya uulize kama chanjo yako bado ina nguvu. Wanaume wengi waliipata mara ya mwisho wakiwa watoto.

Ukisharudisha tangi, weka chujio jipya la petroli, lile la plastiki linalopitisha mwanga. Litazame kila siku kwa wiki ya kwanza. Likibaki jeupe, jaribu kulilaza tangi na petroli nyingi kidogo usiku, hasa msimu wa baridi. Likigeuka rangi ya chai tena, rudi kwenye ndimu ya unga Jumamosi inayofuata.